Pampu Iweke Chini ya Kiti Chako

Kustaafu nimestaafu. Najua nyiye mliobaki pale kituoni Wete mtacheka, maana mstaafu mnayemjua ni yule mwenye mvi na fimbo, na mie ndevu zenyewe bado hazijakutana. Lakini mtu akimrudishia tajiri ufunguo wa gari, akaosha mikono kwa ndimu mara ya mwisho, akaenda zake, sijui neno jengine la kuliita jambo hilo. Nakwenda chuo cha ualimu, Unguja. Nafasi niliyoingoja tangu nimalize sekondari imekuja sasa, wakati nilishaacha kuingoja.

Seif ndiye atakayeshika gari. Jana nilimkabidhi kikapu cha vyombo vya pancha, akakitupa nyuma bila ya kukifungua, akaniuliza kama ni kweli gia ya tatu inagoma. Ndio maana nimekaa kuandika. Gia ya tatu inagoma, Seif, lakini utazoeana nayo. Kikapu ndicho nilichotaka uniulize.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda kazini na suruali nyeupe. Nilikuwa nimetoka skuli juzijuzi, nadhani dereva ni mtu wa kukaa na kuzungusha usukani, na kwa kuwa gari ilikuwa ya tajiri mwenye duka la vitambaa, nilitaka nifanane na duka. Dereva wake wa miaka mingi alikuwa Mzee Kombo. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mie nililetwa nijifunze kabla hayajamwacha kabisa. Aliitazama suruali, akalitazama tope, akasema, "Haya, mwanangu. Lala hapo chini."

Wiki ile yote sikuushika usukani. Nilishika kikapu. Ni kikapu cha ukili cha kawaida, cha kwendea sokoni. Sanduku la chuma Mzee Kombo hakulitaka, kwa sababu linapiga kelele njia nzima na kelele hiyo inakuzuia kuisikia tairi. Alinitolesha kila kitu nikitandaze, nikirudishe. Halafu akanifunga macho kwa kilemba chake, nikafanya tena. Mie moyoni nachemka. Nimekaa darasani miaka yote ile, leo nafundishwa kutia vitu kikapuni. Mpaka siku moja ya mvua, nimelala chini ya gari, maji yananiingia machoni, sioni kitu, na mkono ukaenda wenyewe kwenye spana. Hapo nikaacha kuchemka. Kidogo.

Vyombo vyenyewe ni hivi. Jeki kila mtu anayo. Ambacho watu hawana ni kibao cha kuiwekea jeki, kipande cha ubao wa mfenesi, kipana. Njia zetu za kaskazini ni mchanga au udongo mwekundu, na jeki isiyokuwa na kibao, wewe unaipandisha gari na yenyewe inashuka, mwisho mnakutana katikati. Halafu kabari mbili za mti, za kuzuia magurudumu. Usiseme utaokota jiwe njiani. Jiwe hulioni unapolitaka, utaliona likishakuchania tairi. Halafu wilispana, pamoja na bomba la chuma la kuongezea mpini, maana mafundi wetu hukaza nati kama wanaomkomoa mtu. Liva mbili za kubandulia tairi, tatu ukipata, na uzisugue kingo zisiwe kali, ama utaziba tundu moja utoboe jengine. Msasa, gundi, na viraka vya tyubu kuukuu ulivyovikata nyumbani, vya duara, kwa sababu kiraka chenye pembe huanza kubanduka penye pembe. Kipande cha tairi chakavu cha kutia kwa ndani pale palipochanika. Chupa ya maji na sabuni, upake povu, ulione tundu linavyochemka. Panga. Kipande cha jamvi cha kulalia. Ndimu. Na pampu.

Pampu nitaisema mbele.

Iliyonishinda zaidi ni gundi. Kazi yake si ngumu, ugumu ni kungoja. Ukishaipaka unaiacha ikauke mpaka ukiigusa haikunati, ndipo unabandika. Mzee Kombo alikuwa na kipimo chake. Akishapaka, anakaa kando ya njia, anafungua kijaluba chake cha tambuu, anatandika jani, chokaa, popoo, tumbaku, anatafuna kwa raha zake. Akitema mara ya mwisho, gundi tayari. "Tambuu moja," alikuwa akiniambia. "Si nusu tambuu." Mie sili tambuu. Nilikuwa nikibandika upesi upesi, na kiraka kinaniacha mbele ya safari, na Mzee Kombo anashuka tena bila ya neno, anafungua tena kijaluba. Nafikiri alifaidi sana haraka yangu. Alikula tambuu nyingi.

Tena akanifundisha lile la majani. Tyubu ikiwa haizibiki, au huna cha kuijazia, unaitoa, unajaza tairi kwa majani: majani makavu ya mgomba, unayasokota kama kamba, unayashindilia ndani kwa mpini wa spana mpaka tairi ikatae. Haiendi mbio, haiendi mbali, lakini inakwenda. Nilidhani ni hadithi za madereva. Nikaja kuamini siku ya Bwana Shaame.

Siku hiyo Mzee Kombo alikuwa ameshaacha kazi, yuko kwake anatafuna tambuu isiyopima kitu, na gari naendesha peke yangu. Nilikuwa nimeshabeba maharusi, wagonjwa, karafuu, na mwalimu mmoja aliyehama na mbuzi wake na akataka mbuzi akae mbele. Nilijiona dereva kamili.

Bwana Shaame alikuwa fundi cherahani wa Jadida, hapo hapo Wete. Mtu mwema, mkarimu, anakushonea leo unalipa ukipata, ila ulimi wake ulikuwa mbele yake siku zote. Mkewe, Bi Mize, alikuwa msukaji wa mikeka, mtu wa maneno machache. Alikwenda kwao Msuka, kaskazini kabisa, kwenye arubaini ya mtoto mchanga wa dada yake, akaaga atarudi Alkhamisi. Alkhamisi hakurudi. Ijumaa, baada ya sala, Bwana Shaame amekaa kwenye baraza yake na rafiki zake wawili, wakamchezea. Mmoja akamuuliza siku hizi anapika mwenyewe au anaombea kwa jirani. Mwengine akasema mwacheni, mtu aliyeolewa hana ruhusa ya kulalamika. Bwana Shaame akasimama akaapa. Jua la leo likitua Mize hayumo ndani ya nyumba hii, basi kaachika.

Wale rafiki wakaacha kucheka, kwa sababu wote walijua. Bwana Shaame alikwisha kumwacha mkewe mara mbili na kumrejea mara mbili. Hii ilikuwa ya tatu, na ya tatu haina kurejea. Mpaka mwanamke aolewe na mwengine, waishi, waachane, ndipo mtu azungumze habari nyengine.

Alikwenda mbio kwa shehe. Shehe akamwambia neno limeshatoka, hawezi kulimeza. Lililobaki ni mke aingie ndani kabla jua halijatua. Kutoka kwa shehe akaja kwangu, kanzu kaishika mkononi, jasho linamtiririka. Nilikuwa nakula. Hakuningoja ninawe.

Kwendea, tulipata pancha kabla ya Konde. Mwiba wa mndimu, kutoka kwenye ua wa mtu. Nikaifunga spea, nayo ilikuwa imepungua upepo kidogo, na Bwana Shaame akainyakua pampu akaijaza mwenyewe, anapiga kama anaua nyoka. Tulipofika Msuka nilimwambia anipe nafasi niizibe ile tyubu iliyotoboka, tusirudi bila ya spea. Hakutaka hata kusikia. Alinyosha kidole juu. "Unaliona hilo? Hilo halina spea."

Bi Mize alikuwa uani na dada yake. Bwana Shaame alimweleza pale pale, mbele ya watu wa kwao, hakuficha kitu: baraza, kiapo, shehe. Mama mmoja akajishika kichwa. Bi Mize alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia." Akambusu mtoto, akavaa buibui, akachukua mkeka wake mpya aliokuwa kaumaliza kuusuka hapo Msuka, akaja kukaa kiti cha nyuma, kikapu changu kipo miguuni pake. Hakuna mtu atakayesema alichelewa. Nilimwona ni mwanamke mwenye akili, nikatia gia.

Tulipita Konde salama. Mbele kidogo, kwenye mashamba, gari ikaanza kuchechemea nyuma. Sikuwa na haja ya kushuka ili nijue.

Bwana Shaame alishuka kabla gari haijasimama sawa. Bi Mize naye akashuka, na mkeka wake, akenda kukaa kivulini pembeni. Hakuutandika. Aliukalia vile vile umekunjwa. Nilidhani hataki kuutia vumbi mkeka mpya.

Mie nikaingia kazini, na naweza kusema bila ya haya kwamba sijapata kufanya pancha nzuri kama ile. Kibao, jeki, nati, liva. Tyubu nikaitoa, nikalipata tundu, nikasugua kwa msasa, nikapaka gundi, nikakaa. Ndiyo, nilikaa. Bwana Shaame akanisimamia kichwani.

"Bandika."

Nikamwambia bado, haijakauka.

"Kijana, mie ndoa yangu inakauka."

Kule kivulini Bi Mize akafungua kijaluba chake, akatia jani mdomoni. Nikafurahi kwa sababu nimepata kipimo. Alipotema, nikabandika, nikagongagonga, nikaipachika tyubu, tairi ikarudi kwenye mdomo wa rimu. Nikanyosha mkono kikapuni kuchukua pampu, na mkono ukashika jamvi. Nikanyosha tena. Nikakimimina kikapu chote chini. Vyombo vyote vipo, hata ndimu ipo. Pampu haimo.

Tuliipekua gari nzima. Bwana Shaame akang'oa kiti cha nyuma. Akaniambia nimeiacha kule kwenye pancha ya mwanzo, nikamwambia niliirudisha kikapuni kwa mkono wangu, akasema mkono wangu mwongo. Tulikuwa karibu ya kukosana kweli, ndipo akatokea mchuuzi wa samaki wa Tumbe na baiskeli yake, tenga nyuma, anakwenda Wete kuuza. Akasimama. Alikuwa na pampu yake ndogo, akaitoa bila ya kuombwa, Mungu amjaze, lakini pampu ya baiskeli mdomo wake haukamati vali ya gari. Tulifunga kitambaa, tukashika kwa vidole, upepo wote ukatoka pembeni.

Bwana Shaame akaitazama baiskeli. Nikaliona wazo linavyomjia usoni.

"Ndugu yangu," akamwambia mchuuzi, "nichukulie mke wangu mpaka Jadida."

Mchuuzi akalitazama tenga, akamtazama Bi Mize. "Bwana, mie nna changu humu. Nikimpandisha mkeo, changu wende kwa miguu?"

"Wachukue changu," akasema Bi Mize, hakuinuka mkekani. "Wao ndio wanaoharibika."

Mchuuzi akacheka akaenda zake. Bwana Shaame akasema anarudi Konde kwa miguu, lazima pana gari pale, lazima pana pampu. Akavua makubadhi akayashika mkononi, akakimbia. Mtu mzima yule, kanzu mpaka magotini. Mie, nisiseme uongo, nilimwonea huruma.

Tukabaki Bi Mize na mie. Nilizunguka gari mara nyengine, nikasimama, nikakaa, nikasimama. Akaniambia, "Kaa kitako, baba. Umefanya kazi nzuri."

Nikamwambia siwezi kukaa. Akaniuliza kama hapana njia nyengine bila ya pampu, na mie kwa kujiona nikamjibu ipo, majani, Mzee Kombo kanifundisha. Nikaona uso wake unabadilika. Nikadhani ni matumaini.

"Yanafika mbali hayo majani?"

"Mpaka Wete yanafika."

Mie nikachukua panga, nikaingia shambani kwenye migomba, nikarudi na mzigo, nikaanza kusokota. Alinizungumzia wakati nasokota. Talaka ya kwanza, akasema, ilikuwa kwa sababu ya chumvi. Mchuzi wa futari haukukolea. Ya pili mbuzi alikata kamba akala kitambaa cha kanzu ya mteja. Zote mbili mumewe alimrejea upesi upesi, hata nguo hajamaliza kukunja. "Analeta nyama, anaiweka jikoni, anasema Mize nimekurejea. Basi. Kama mtu aliyesahau mwavuli akarudi kuuchukua. Hajapata kuniuliza kama mie nataka."

Nikamwambia, bila ya kuinua kichwa, basi Bi Mize si ungekataa kupanda gari.

"Mwanamke akiitwa na mumewe akakataa, ana jina lake," akasema. "Gari ikikataa haina jina."

Maneno hayo niliyasikia. Niliyasikia kama unavyosikia mtu anakupa habari za mvua wakati nati imekwama. Nilichofanya ni kumtupia fungu la majani nikamwomba anisaidie kusokota, maana mkono wake ni wa msukaji. Akasokota. Alisokota vizuri sana na polepole sana, kamba moja, anainyosha, anaitazama kwenye mwanga, kama ukili wa mkeka wa bibi harusi. Nikashindwa kuvumilia, nikamnyang'anya nikamalizia mwenyewe. Tyubu niliyoiziba kwa ustadi wote ule nikaitoa nikaitupa ndani ya gari, nikashindilia majani mpaka mikono ikachubuka. Bwana Shaame aliporudi kutoka Konde, hana pampu, hana sauti, makubadhi bado mkononi, tairi ilikuwa imekaa juu ya njia imevimba kama gunia.

Akaishika, akaibonyeza. Machozi yakamlengalenga. Akaniombea Makka.

Tulikwenda mwendo wa punda. Usukani unavuta upande, nyuma inagonga, na harufu ya majani yanayopata moto imejaa ndani. Bwana Shaame alikuwa ametoa kichwa nje analitazama jua, kila likiingia nyuma ya minazi anafumba macho, likitokea anahimidi. Niligeuka mara moja nikamwona Bi Mize kaupakata mkeka wake, anatazama mashamba yanavyopita, hana wasiwasi hata chembe. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana imani na dereva.

Tulifika Jadida jua bado liko kwenye vilele vya minazi. Limekuwa jekundu, lakini lipo. Wale rafiki wawili walikuwa pale pale barazani, nafikiri kwa majuto hawakuweza kuondoka, na walipotuona wakasimama wote pamoja. Bwana Shaame akashuka, akafungua mlango wa nyumba, mabawa yote mawili, akarudi mbio akafungua mlango wa gari.

Bi Mize akashuka. Akapanda baraza. Akafika kizingitini, akavua makubadhi kama mtu anayeingia kwake, akayapanga vizuri. Akasimama.

"Ingia, Mize," akasema Bwana Shaame. "Hatua moja tu."

Bi Mize akaweka mkeka chini, pale nje, akaanza kuukunjua. Mkeka mzuri, nakumbuka, mweupe una rangi ya zambarau pembeni. Ulipofunguka mkunjo wa mwisho ikatoka pampu yangu, ikabingirika mpaka kwenye mguu wa rafiki mmoja.

Wote wakaitazama. Hata mie.

"Jua bado lipo, Bwana Shaame," akasema Bi Mize, "na mimi nimeitika wito, na gari imefika, na dereva hana kosa. Mashahidi mnaniona. Lakini hiyo talaka uliitundika wewe mwenyewe, mie sikuwapo. Mie siitungui." Akaketi juu ya mkeka wake.

Bwana Shaame alianza neno. Nilimwona analianza. Ulimi ule uliokuwa mbele yake maisha yake yote, safari hii ukabaki nyuma. Akajaribu tena, na lililotoka lilikuwa dogo, nafikiri hata rafiki zake hawakulisikia, ila mie nilikuwa karibu.

"Unataka kuingia, Mize?"

Bi Mize akamtazama. Hakuwa na hasira, nasema nilivyoona. Alikuwa kama mtu aliyepokea kitu alichokiagiza zamani, kimefika, na hana tena pa kukiweka.

"Ahsante kwa kuniuliza," akasema. "Sitaki."

Msikitini wakaadhini magharibi. Bwana Shaame akakaa kwenye kidaraja cha baraza, kiganja juu ya paja, akaitikia adhana neno kwa neno mpaka mwisho, kwa sauti ya chini. Kisha akainuka akaenda kusali. Rafiki zake wakamfuata, mmoja kulia mmoja kushoto. Hapana aliyelaumu tairi, wala mwanamke, na sijapata kumsikia mtu wa Jadida akiwalaumu mpaka leo. Bi Mize akakunja mkeka, akavaa makubadhi, akasema atalala kwa shangazi yake nyumba ya tatu. Akaokota pampu akanipa mkononi.

"Kesho asubuhi unakwenda Msuka?"

Nikamwambia, kwa ule upumbavu wa mtu aliyechoka, kwamba sijui, tairi ina majani.

"Pampu unayo sasa," akasema.

Nilimpeleka. Alikaa nyuma vile vile, na kikapu miguuni, na tuliongea habari za mtoto wa dada yake njia nzima.

Bwana Shaame nilimbeba tena mara nyingi. Alioa kwengine baadaye, na mke huyo nasikia hakumwacha, na kila akipanda gari yangu ananiuliza tairi ziko vipi kabla ya kunijulia hali. Mzee Kombo nilikwenda kumsimulia. Alicheka mpaka akapaliwa na tambuu, kisha akaniuliza kama yale majani niliyashindilia kwa mpini au kwa mguu. Nikamwambia kwa mpini. Akasema vizuri.

Basi Seif, gari unayo, vyombo vyote vimo kikapuni, nimeviangalia mwenyewe asubuhi. Majani makavu usikate mapema ukayaweka garini, yanaleta panya. Gundi ibadilishe kila msimu. Pampu iweke chini ya kiti chako, si kikapuni.

Na siku ukipata abiria aliyekalia mkeka wake umekunjwa, kabla hujaingia shambani na panga, ngoja kwanza. Tambuu moja. Si nusu tambuu.